Alama za makisio au matokeo ya Baraza: uombe chuo kwa lipi?

Mwishoni mwa mwezi wa tisa mama mmoja wa Uyole, Mbeya, alinifuata shuleni. Mwanawe yuko kidato cha sita, anasoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), anataka udaktari. Shangazi wa kijana anaishi Uingereza na alikuwa amepiga simu jana yake: kule watoto hawasubiri matokeo. Mwalimu anaandika alama anazotarajia mtoto atapata, chuo kinatoa nafasi kwa alama hizo, mtihani unafuata baadaye. "Mwalimu, kwa nini sisi tukae mpaka mwezi wa saba wakati wenzetu wanaomba sasa hivi?"

Nilikuwa na kipindi, nikamjibu kwa haraka. Jibu la haraka halikumtosha, na tangu siku hiyo wazazi wengine wawili wameniuliza jambo hilohilo, mmoja akitokea Makambako. Kwa hiyo nimekaa kulinganisha njia hizi mbili kwa utulivu, nikimfikiria mtoto wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe ambaye ada yake inatoka shambani.

Kalenda zilivyo

Uingereza, maombi ya shahada ya kwanza yanapitia mfumo mmoja, UCAS. Mwombaji anachagua kozi zisizozidi 5, na kama ni udaktari wa binadamu, zisizozidi 4. Oxford, Cambridge, udaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo hufungwa tarehe 15 Oktoba. Kozi nyingine nyingi hufungwa Januari. Shule inaandika barua ya kumwelezea mtoto pamoja na alama za makisio kwa kila somo. Chuo kikiridhika kinampa nafasi yenye sharti: ukipata AAB, tuseme, nafasi ni yako. Mtoto anashika nafasi mbili, ile anayoitaka zaidi na nyingine ya akiba yenye sharti jepesi. Mtihani ni Mei na Juni, matokeo katikati ya Agosti, na masomo huanza Septemba au Oktoba. Akikosa nafasi zote mbili, anaingia kwenye Clearing, ambako vyuo vinagawa viti vilivyobaki.

Kwetu mtihani wa kidato cha sita unaanza Mei na matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, yanatoka Julai. Ndipo TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inapofungua dirisha la udahili. Kati ya 2010 na 2016 maombi yalipitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, na anaweza kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Akichaguliwa na viwili au vitatu, anatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Masomo yanaanza Oktoba au Novemba. Hakuna mahali mwalimu anapoulizwa anakisia nini. Namba ya mtihani ikiingizwa, alama za Baraza ndizo zinazosema.

Kwa maneno mengine, Uingereza wasiwasi unakuja baada ya kuomba, na kwetu unakuja kabla. Yule wa kule ana miezi mingi ya kufikiria kozi bila kujua alama zake. Wa kwetu anazijua alama, ila ana wiki chache tu za kufikiria.

Makisio ya mtoto wa hapa yanatoka wapi?

Swali hili shangazi hakulijua, na nadhani ndilo linaloamua mambo kwa watoto wengi wa shule zetu.

Mtoto wa tahasusi ya Tanzania anaingia kidato cha sita Julai. Maombi ya Oktoba yakifika, amekaa kidato hicho miezi mitatu. Mtihani wa utamilifu wa mkoa au wa kanda, ambao wote tunauita mock, haujafanyika. Kwa kawaida unakuja Februari au karibu na hapo, baada ya UCAS kufunga hata dirisha la Januari. Kwa hiyo mwalimu wa Mbeya anayetakiwa kukisia mwezi wa kumi ana kitu kimoja tu mkononi: mitihani ya ndani, mingi ikiwa ya kidato cha tano.

Na kidato cha tano tunakijua. Mtoto ametoka kidato cha nne na divisheni wani, ameripoti shule mpya ya bweni, baridi ya Njombe au ya Mufindi inampiga, topiki zinakimbia. Muhula wa kwanza anapata S ya Fizikia na F ya Kemia. Hilo halitutishi sisi walimu, maana tunajua wengi wanainuka kuanzia muhula wa pili wa kidato cha sita. Tena sisi wenyewe tunatunga mitihani ya ndani kwa ukali na kusahihisha kwa ukali, kwa nia njema, ili mtoto asilale. Nimeona watoto waliopata E kwenye mock wakitoka na C ya Baraza, na siyo mmoja wala wawili.

Sasa chukua alama hizo kali uziandike kama zilivyo kwenye fomu ya Uingereza. Umemuumiza mtoto, kwa sababu kule walimu wana desturi ya kukisia kwa kupandisha. Mwaka 2016 Gill Wyness wa University College London alichapisha uchunguzi wa makisio hayo: ni asilimia 16 tu ya waombaji waliopata pointi zilezile walizokisiwa katika masomo yao matatu bora. Asilimia 75 walikuwa wamekisiwa juu kuliko walichokuja kupata. Kule E ya mwalimu inasomwa kama E iliyokwisha kupandishwa. Anayeisoma fomu hana namna ya kujua kwamba imetoka kwa mwalimu wa milimani ambaye E yake ni ya kumwamsha mtoto.

Uchunguzi huohuo ulionyesha jambo lililonisikitisha zaidi. Miongoni mwa watoto wenye uwezo mkubwa, wale wa familia duni ndio walioelekea zaidi kukisiwa chini kuliko wenzao wenye uwezo uleule wa familia zenye nafasi. Huko ni Uingereza, kwenye madarasa madogo na mwalimu anayemjua kila mtoto. Nikifikiria darasa la watoto 70 wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), ambamo mwalimu anawakumbuka wanaonyoosha mikono na wanaomsumbua, napata hofu ya kweli kwa wale wapole wa nyuma.

Wakubwa wa Uingereza wenyewe wanalijua tatizo hili. Mwaka 2021 serikali yao ilikusanya maoni kuhusu kuacha makisio na kudahili kwa matokeo halisi, kisha mwanzoni mwa 2022 ikaamua kuendelea na utaratibu uliopo. Ireland wao wako katikati: mtoto anaorodhesha kozi zake kabla ya mtihani, anaruhusiwa kuibadilisha orodha hadi mwanzoni mwa Julai, na nafasi inatolewa baada ya matokeo tu. Mpango huo naupenda, na hapa chini nitaeleza jinsi ya kuuiga nyumbani kwa daftari la kawaida.

Mwaka 2020

Korona ilizijaribu njia zote mbili kwa mwaka mmoja. Uingereza walifuta mitihani. Walimu walipeleka makisio, na kwa England mamlaka ya mitihani ikayapitisha kwenye hesabu ya kompyuta iliyotazama pia shule ilivyofaulu miaka ya nyuma. Karibu asilimia 40 ya alama za walimu zilishushwa. Watoto hodari waliosoma kwenye shule zisizo na historia nzuri walipoteza nafasi wakiwa hawajashika hata karatasi ya mtihani. Kelele ilikuwa kubwa, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudisha alama za walimu.

Sisi tuliahirisha. Kidato cha sita walirudi shule tarehe 1 Juni, mtihani ukaanza 29 Juni badala ya Mei, matokeo yakatoka Agosti. Kila mtoto alipimwa kwa mkono wake mwenyewe. Ninapowasikia wazazi wakisema utaratibu wetu ni wa kizamani, huwakumbusha mwaka ule.

Fedha na msimu

Kalenda ya mashamba haionekani kwenye fomu yoyote ya chuo, ila ndiyo inayotawala nyumba nyingi za huku.

Oktoba hadi Januari ndiyo miezi ambayo fedha hazipo. Mvua zinakaribia au zimeanza, mahindi yanapandwa, mbolea ya kupandia imenunuliwa na ya kukuzia bado inadaiwa. Kule Mbarali watu wanaandaa majaruba ya mpunga. Katika miezi hiyohiyo njia ya makisio inadai ada ya UCAS, ada ya mtihani wa Kiingereza, nauli ya kwenda kuufanya, na kwa kozi nyingine mtihani wa kujiunga. Mzazi anauza ng'ombe au anakopa kikundini, kwa ajili ya nafasi ambayo haijapatikana na ambayo ikipatikana itakuwa na sharti.

Njia ya kusubiri inaangukia wakati mwingine kabisa. Julai na Agosti mahindi yanavunwa, mpunga wa Usangu uko ghalani au sokoni, na Rungwe na Njombe parachichi linanunuliwa. Ada ya maombi kwa chuo cha nyumbani ni ndogo, kwa kawaida kama shilingi 10,000, na mzazi anazo. Sidhani kama kuna aliyepanga kalenda ya udahili akimfikiria mkulima wa Vwawa, ila imemkaa vizuri.

Halafu kuna ada yenyewe. Udaktari Uingereza kwa mwanafunzi wa kutoka nje unazidi pauni 30,000 kwa mwaka katika vyuo vingi, na unachukua miaka mitano au sita. Kwa viza ya masomo, fedha za ada na za kuishi zinatakiwa zionekane benki siku 28 mfululizo. Mfanyabiashara wa viazi anajua kwamba fedha zake hazilali hata siku nane. Kama hakuna ufadhili au ndugu mwenye uwezo wa wazi, alama za mtoto zinakuwa si swali la kwanza tena.

Ubaya wa kusubiri

Nisiisifu njia yetu kupita kiasi. Ina dosari moja kubwa nayo ni haraka.

Matokeo yanatoka Julai, wakati vijana wengi wako JKT kwa mujibu wa sheria. Kama kambi ni Mafinga au Itende, simu haishikiki kwa uhuru. Baba anapigiwa na mjomba kwamba matokeo yametoka, anakimbilia kwenye duka la intaneti Mwanjelwa, na kijana wa dukani asiyemjua mtoto ndiye anayesaidia kuchagua kozi. Nimekutana na binti aliyejikuta kwenye ualimu wa Jiografia kwa sababu ndiyo kozi iliyokuwa juu kwenye orodha. Hapohapo fomu za mkopo za HESLB, Bodi ya Mikopo, zinadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na cheti kipo Kyela kwa bibi.

Dawa yake ni kuiga Waireland. Orodhesha kabla, amua baada. Mwezi wa tatu, mock ikisharudi, kaa na mtoto na daftari. Baraza linatoa A kuanzia alama 80, B 70, C 60, D 50, E 40. Kwa udahili, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kima cha chini cha kuingia shahada kwa waliomaliza kidato cha sita tangu 2016 ni prinsipali mbili (masomo mawili ya kufaulu kwa E au zaidi) zenye jumla ya pointi 4, na kila kozi inaweza kudai zaidi ya hapo au kutaja masomo fulani. Tuseme mock imetoa Biolojia D, Kemia D, Fizikia E. Hizo ni pointi 5 kwa jumla, na kwa masomo mawili bora ni 4. Andika kozi anazoweza kuzipata kwa alama hizo kama zilivyo. Kisha andika kozi za daraja moja juu yake, maana tumeshasema mock zetu ni kali. Kisha andika za chini ikiwa siku ya mtihani itakuwa mbaya.

Orodha zote tatu zaweza kujaa bila kutoka Nyanda za Juu Kusini. MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986 na kuwa chuo kikuu 2012, kwa uhandisi na sayansi. Chuo cha afya cha UDSM kilichopo Mbeya kwa udaktari. Mkwawa, Iringa, kwa ualimu, na hasa ualimu wa sayansi. Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU (cha Kikatoliki cha Ruaha), TEKU (cha Teofilo Kisanji), Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mbeya na tawi la Mzumbe hapa mjini kwa sheria, biashara, elimu na mengineyo. Mwongozo wa udahili wa TCU unaeleza sharti la kila kozi, nao husomeka mapema kabla ya joto la Julai. Cheti cha kuzaliwa nacho kihakikiwe Aprili.

Hapo mmetumia makisio, na mmeyatumia yanapofaa: kupanga nyumbani, ambapo kukosea kunafutika kwa kalamu. Na msisahau kwamba si jambo geni kwetu. Kidato cha nne hujaza Selform na kuchagua tahasusi kabla ya kuona matokeo, kisha TAMISEMI hufungua nafasi ya kubadilisha matokeo yakishatoka.

Njia ambayo shangazi hakuitaja

Mtu anaweza kuomba Uingereza akiwa na matokeo tayari mkononi. Anamaliza Mei, anapata matokeo Julai, anaomba Oktoba au Januari kwa ajili ya kuanza Septemba inayofuata. Kwenye fomu anaandika alama halisi. Mwalimu anaandika barua tu. Chuo kikimpenda kinampa nafasi isiyo na sharti la alama, na mzazi anauza mavuno ya msimu mzima mwingine akijua anachokilipia.

Gharama yake ni mwaka. Mwaka mmoja nyumbani si kitu chepesi, na nasema wazi kwamba kwa msichana ni mzito zaidi. Akikaa miezi sita kijijini wanaanza kuulizana ataolewa lini. Mvulana anapewa pikipiki ya mtu afanye bodaboda, na fedha ya kila siku inamnogea. Mwenye kuchagua njia hii ampangie mtoto kazi ya mwaka huo kabla haujaanza: kujitolea kufundisha, kozi ya kompyuta, kujiandaa na mtihani wa Kiingereza.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kulipa senti: je, chuo hicho cha nje kinakubali cheti cha kidato cha sita cha NECTA moja kwa moja, au kinataka mwaka wa maandalizi kwanza? Kila chuo kina msimamo wake. Jibu liwe la maandishi, kutoka ofisi ya udahili ya chuo chenyewe, wala si kutoka kwa wakala.

Aliye kwenye mtaala wa Cambridge hali yake ni tofauti na haya mengi hayamhusu. Shule yake imezoea kuandika makisio na mitihani yake ya ndani imepangwa kwa ajili hiyo. Huyo aombe nje kwa makisio bila hofu. Akitaka chuo cha hapa, matokeo yake yatapelekwa NECTA kulinganishwa, na hilo huchukua muda, hivyo aanze mara tu yanapotoka Agosti.

Ningechagua nini

Kwa mtoto wa shule ya kawaida ya huku, asiye na mfadhili, nasema asubiri matokeo, ila asisubiri mikono mitupu. Daftari liwepo. Kwa mtoto mwenye mfadhili wa kweli na alama za kidato cha tano zilizosimama, kwa kozi isiyo udaktari, aombe kwa makisio dirisha la Januari, na Julai aombe na nyumbani pia. Mwalimu wake aandike kwenye barua, kwa lugha ya wazi, jinsi shule inavyosahihisha na watoto wa miaka iliyopita walipanda kiasi gani kutoka mitihani ya ndani hadi Baraza. Sentensi mbili za namna hiyo zinamlinda mtoto kuliko kupandisha alama kwa uongo, jambo ambalo nimeombwa na mzazi mmoja na nikakataa.

Kwa mwenye alama nzuri na hamu ya nje lakini fedha zisizo na uhakika, njia ya tatu, ile ambayo shangazi hakuitaja.

Kijana wa Uyole jibu lake lilikuwa limeshaamuliwa na tarehe. Karibu vyuo vyote vya udaktari Uingereza vinataka mtihani wa UCAT, na huo hufanyika kati ya Julai na mwishoni mwa Septemba, kabla ya kuomba. Mama aliponifuata ulikuwa umefungwa au unafungwa siku hiyohiyo. Juzi amerudi na mwanawe. Wamekubaliana: Mei afanye mtihani, Julai aombe udaktari hapa Mbeya na kwingine nchini, na kama Kemia na Biolojia zitatoka B kwenda juu, shangazi atalipia UCAT kabla Septemba haijaisha, naye kijana aombe Oktoba kwa matokeo yake mwenyewe.

Daftari amelinunua. Ukurasa wa kwanza ameandika mtihani wa mwezi wa tisa: Biolojia 58, Kemia 52, Fizikia 41.